Mwanafunzi Gerezani: Kutembelea au Kufuatilia?

Zanzibar haina gereza, kwa jina angalau. Kilichoko huko huitwa Chuo cha Mafunzo. Wapo wanaolicheka jina hilo na kuliona kama rangi mpya juu ya ukuta wenye ufa, lakini limebeba swali ambalo Afrika Mashariki nzima inapaswa kujiuliza: ikiwa gereza ni chuo, wanafunzi wa vyuo vingine wana kazi gani humo? Jibu lililozoeleka tunalijua. Kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu huomba kibali, hukusanya sabuni, sukari, taulo za kike na mafuta ya kupaka, hufika Jumamosi asubuhi, huimba na kuomba dua, hupiga picha langoni na kurudi bwenini kabla jua halijazama. Sabuni ni sabuni, na mtu aliyeikosa wiki tatu hana sababu ya kuidharau. Hata hivyo ziara ya namna hiyo haigusi upungufu mkubwa wa magereza yetu. Kinachokosekana zaidi humo ni mtu wa kufuatilia: wa kuuliza jalada limefikia wapi, wa kumpigia simu shangazi aliyeko kijijini, wa kukumbuka kwamba fulani anatoka mwezi ujao na hana pa kwenda. Hiyo ndiyo kazi inayomfaa mwanafunzi kuliko mtu mwingine yeyote, na ndiyo anayopewa mara chache kuliko zote.

Ili kuona kwa nini, tuanze na swali la nani hasa yuko ndani. Neno “mfungwa” hutupotosha. Kwa miaka mingi takriban nusu ya waliomo katika magereza ya Tanzania wamekuwa mahabusu, yaani watu ambao kesi zao hazijaamuliwa; nchini Kenya wamekuwa zaidi ya theluthi. Anayeshtakiwa Tanzania kwa kosa lisilo na dhamana, kama mauaji, unyang’anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha, husubiri ndani hadi mwisho wa kesi. Kila baada ya wiki mbili hivi hupandishwa karandinga, hufikishwa mahakamani na kusikia maneno ambayo msomaji yeyote wa magazeti yetu anayajua kwa moyo: upelelezi haujakamilika, kesi itatajwa tena tarehe fulani. Karandinga humrudisha alikotoka. Mwenye kosa linalodhaminika naye hukwama kwa mambo madogo zaidi. Ndugu hawajui alipo, au wanajua lakini hawana nauli, au mdhamini amefika bila barua ya serikali ya mtaa. Siku moja ya barua iliyosahaulika huzaa wiki mbili nyingine za kulala ubavu kwa ubavu na watu wasiopungua.

Tukio moja linaeleza tatizo hili kuliko ripoti nyingi. Julai 2019 Rais John Magufuli aliingia Gereza la Butimba jijini Mwanza na kuwasikiliza waliomo wakieleza muda waliosota bila kesi zao kusonga. Baada ya ziara hiyo majalada yalipitiwa na mahabusu wengi wakaachiliwa. Kuna waliosifu huruma ya kiongozi, na kuna waliouliza kwa nini walikamatwa tangu mwanzo. Mimi naona somo jingine. Majalada yale yalikuwepo siku zote na sheria ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye kusikilizwa aliuliza. Nchi haiwezi kumfanya Rais wake kuwa karani wa kuulizia majalada. Miaka minne baadaye, 2023, Tume ya kuboresha taasisi za haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Samia Suluhu Hassan, na kuundwa kwake tu kulikuwa kukiri kwamba mnyororo mzima, tangu kukamatwa hadi kufungwa, una pete zilizolegea. Lakini tume hutengeneza sera. Nani ataulizia jalada la Jumatatu ijayo?

Wengi watajibu: wakili. Ni jibu sahihi lisilotekelezeka. Mawakili wetu wamejaa mijini na ada yao haifikiwi na muuza mitumba aliyekamatwa. Ndiyo maana Kenya ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016 na Tanzania ikatunga yake mwaka 2017, zote mbili zikiwatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Na mwanafunzi hakuwasubiri wabunge: Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1967, wakati kitivo chenyewe cha sheria kilikuwa bado kichanga. Ukichunguza kinachomkwamisha mahabusu wa kawaida utagundua kwamba sehemu kubwa yake haihitaji joho. Inahitaji mtu anayejua kusoma hati ya mashtaka, anayeweza kumweleza mshtakiwa tofauti ya kutajwa na kusikilizwa, anayetofautisha kosa lenye dhamana na lisilo nayo, mwenye simu yenye salio, na mwenye saa nne za mchana za kukaa kwenye benchi la masijala mpaka karani ampate aliyemtafuta. Wakili ana ujuzi lakini hana saa hizo. Ndugu wa mahabusu wana mapenzi lakini hawana ujuzi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ana kiasi cha kila kimoja.

Kwamba wasio mawakili wanaweza kuimudu kazi hii, Malawi ilishaonyesha. Kuanzia mwaka 2000, kwa kushirikiana na shirika la Penal Reform International, nchi hiyo ilianza kuwaingiza wasaidizi wa kisheria katika magereza yake makubwa. Hawakwenda kutetea kesi. Walikaa na mahabusu wakawafundisha, mara nyingi kwa maigizo, jinsi ya kuomba dhamana, kumhoji shahidi na kujieleza mbele ya hakimu. Walipanga orodha za waliopitiliza muda, wakazipeleka kwa mahakimu, na mahakimu wakaanza kuja wenyewe gerezani kusikiliza mashauri yaliyosahauliwa. Jambo la kuzingatia ni jinsi walivyoingia: walikubaliana kwanza na jeshi la magereza juu ya kanuni za mwenendo, nini wataruhusiwa kufanya na nini hawataruhusiwa. Lango lilifunguliwa na utaratibu, na kwa sababu ya utaratibu huo likabaki wazi.

Umuhimu wa kufuatilia huonekana hata sheria inapobadilika kwa kishindo. Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua shauri la Susan Kigula na wenzake 417 waliohukumiwa kifo, ikasema kwamba hukumu ya kifo ya lazima inakiuka Katiba. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifika pahala hapo hapo katika shauri la Francis Muruatetu. Kwa anayesoma gazeti, siku kama hizo ni mwisho wa hadithi. Kwa aliyefungwa ni mwanzo wa makaratasi: lazima aombe ahukumiwe upya, apate nakala ya mwenendo wa kesi ya miaka kumi iliyopita, aeleze amebadilikaje, na ajue kama uamuzi unamhusu au haumhusu. Nchini Kenya waliohukumiwa kwa makosa mengine, kama unyang’anyi wa kutumia nguvu, walikimbilia mlango huo pia, hadi Julai 2021 Mahakama ya Juu ilipofafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Haki iliyotangazwa jijini hupita njia ndefu hadi kwenye seli, na aliye peke yake hupotea njiani. Kigula mwenyewe alijifunza sheria akiwa katika Gereza la Luzira kupitia Chuo Kikuu cha London, akatoka mwaka 2016.

Mpango uliomwezesha kusoma una historia inayowahusu vijana wetu moja kwa moja. Ulianzishwa na Alexander McLean, Mwingereza aliyefika Uganda mwaka 2004 akiwa kijana wa miaka 18 kujitolea kuhudumia wagonjwa mahututi, akakutana na wafungwa katika wodi za hospitali na hatimaye akaufuata mkondo hadi Luzira. Juhudi zake zilianza na yale yanayoonekana kwa macho, zahanati na maktaba, kisha zikahamia kwenye elimu ya sheria kwa wafungwa na askari magereza, Uganda na Kenya. Safari hiyo kutoka kutoa vitu hadi kutoa maarifa ndiyo ninayoitetea hapa. Ina faida nyingine ambayo wanafunzi huisahau: mfungwa aliyefundishwa hubaki ndani siku zote za wiki. Kikundi kinachofika mara mbili kwa mwezi kikiwaandaa wafungwa watano wanaojua kusoma hati za mahakama, kitakuwa kimeacha humo ofisi isiyofungwa wakati wa mitihani.

Upande wa pili wa kazi hii uko nje ya lango, na ndiko wanafunzi wa fani nyingine wanakohitajika zaidi. Tarehe 9 Desemba 2019 wafungwa 5,533 walisamehewa nchini Tanzania kwa siku moja. Jiulize asubuhi ya siku iliyofuata ilikuwaje kwao. Mtu anatoka na nguo alizoingia nazo, kitambulisho kimepotea, laini ya simu imefungwa, mke amehama, kaka amelima shamba lake kwa misimu minne na hana nia ya kulirudisha. Jina lake mtaani limekuwa “yule aliyetoka jela”. Nchini Kenya waajiri wengi huomba cheti cha maadili mema kutoka polisi, na kwa aliyehukumiwa cheti hicho huwa ukuta wa pili baada ya ule aliouacha. Kenya ina idara ya probesheni na uangalizi baada ya kifungo, na Tanzania ina maofisa wa probesheni na huduma kwa jamii, lakini maofisa hao ndio hao hao wanaoandika taarifa za mahakama na kusimamia vifungo vya nje. Hapa mwanafunzi wa ustawi wa jamii anaweza kufika nyumbani mapema na kupima kama familia iko tayari kumpokea. Wa biashara akamsaidia fundi seremala aliyejifunza gerezani kupiga hesabu ya mtaji. Wa ualimu akafuatilia cheti cha mtihani aliofanyia ndani. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema wajibu wa jamii hauishii siku mfungwa anapoachiliwa. Siku hiyo ndiyo ambayo kwa kawaida sisi huondoka.

Pingamizi la kwanza ni la watu wa mtaani, nalo lina uzito. Kwa nini kijana msomi ampe muda wake mwizi, ilhali kuna mama aliyeibiwa na kijana mwaminifu asiye na kazi? Sehemu ya jibu imeshatolewa: wengi waliomo ndani hawajathibitishwa kuwa wezi. Baadhi yao waliingia kwa makosa ya kizamani kama uzururaji, ambayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema Desemba 2020 kwamba hayapatani na Mkataba wa Afrika. Lakini tusijifiche nyuma ya wasio na hatia. Wapo waliobaka na walioua, na kazi hii itawahusu pia. Kwao jibu ni hili: aliyedhulumiwa hanufaiki na kesi iliyolala. Mama aliyeibiwa anataka iamuliwe, na anayesukuma jalada humsukumia yeye pia. Na kifungo cha miaka mitano kina mwaka wa sita. Aliyefungwa atarudi mtaa ule ule, akiwa na njia ya kuishi au bila njia. Anayemsaidia asirudi kwenye wizi analinda nyumba ambayo haijaibiwa bado, ingawa mwenye nyumba hiyo hatajua kamwe na hatashukuru.

Pingamizi la pili hunitia shaka zaidi, kwa sababu linatoka kwa wanaoijua kazi. Wanasema mwanafunzi ni mpita njia asiye na ujuzi, na kosa lake hulipwa na mwingine. Ushahidi wanao. Huko Chicago, Anthony Porter alikuwa amebakiza kama siku mbili kuuawa mwaka 1998 hukumu yake iliposimamishwa. Wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha Northwestern, pamoja na mwalimu wao na mpelelezi binafsi, wakaichunguza kesi upya, na mtu mwingine, Alstory Simon, akaungama. Porter akatoka Februari 1999. Habari hiyo ilisaidia kumfanya gavana wa Illinois asimamishe utekelezaji wa hukumu za kifo mwaka 2000, na ikawa mfano wa kufundishia darasani. Lakini Simon, aliyehukumiwa miaka 37, naye aliachiliwa mwaka 2014 baada ya ofisi ya mwendesha mashtaka kuomba hatia yake ifutwe, ikilaumu mbinu zilizotumika kulipata ungamo lile. Bidii iliyomtoa mmoja ilimwingiza mwingine.

Somo la Chicago ninalichukua kama mpaka wa kazi. Pale walipojigeuza wapelelezi, shauku ya kuokoa iliwazidi. Kufuatilia kuna unyenyekevu wake: humuulizi mtu kama ameua, hutafuti shahidi, hutoi ahadi. Unauliza tarehe, unatafuta nakala, unapeleka ujumbe, unamkabidhi wakili kinachomhusu wakili. Kuhusu upita njia, ni kweli kwamba muhula huisha na mwanafunzi huhitimu. Lakini madaktari wanafunzi nao huhama wodi, na mgonjwa hapotei, kwa sababu faili lake ni la hospitali. Vivyo hivyo daftari la ufuatiliaji liwe mali ya kliniki ya sheria ya chuo: kila jina, kila tarehe ya mahakama, kila hatua iliyochukuliwa na saini ya aliyeichukua, na makabidhiano rasmi kabla ya likizo. Kikundi kisichoweza kuweka daftari kama hilo kibaki na sabuni. Kumpa mahabusu tumaini na kisha kutoweka ni ukatili ambao hata mnyapara hana.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wanaharakati: hii ni kazi ya serikali, na kuifanya bure ni kuipunguzia aibu. Lina ukweli, na hakuna kanuni itakayoumaliza. Wanaojitolea kwa ukarimu mno hugeuka nguzo za paa lililopaswa kubomolewa. Hata hivyo tazama daftari lile tena. Likijazwa kwa uaminifu kwa miaka mitatu, litaonyesha wilaya gani dhamana hukwama kwa barua, kosa gani upelelezi wake hauishi, gereza gani wanaotoka hawapewi nauli. Huo ni ushahidi ambao wizara, bunge na mahakama hawawezi kuuita porojo, na mtu aliyekuja kwa ziara moja hawezi kuwa nao. Tatizo linabaki: aliye mgeni kwa idhini ya mkuu wa gereza huogopa kusema aliyoyaona. Kenya ilipoanza kufungua magereza yake kwa watu wa nje mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Moody Awori akaichukulia kazi hiyo kama wito wake alipopewa wizara iliyosimamia magereza mwaka 2003, ilionekana kwamba uwazi ulitegemea sana moyo wa kiongozi. Kwa hiyo makubaliano yafanywe kati ya chuo na jeshi la magereza kwa maandishi, yakitaja haki ya kuchapisha takwimu bila majina. Mwanafunzi mmoja anaweza kunyimwa lango. Chuo kikuu kizima hakinyimwi kimya kimya.

Vyuo ndivyo vyenye deni kubwa hapa. Kazi hii ikiachwa kwa vikundi vya hiari itafuata hali ya hewa ya hiari: itachanua wiki ya kwanza ya muhula na kukauka kabla ya mitihani. Iwe somo lenye alama, lenye msimamizi, lenye mafunzo kabla ya kuvuka lango, na lenye masharti mawili yasiyojadiliwa: hakuna picha za wafungwa, na hakuna anayeingia kwa chini ya mwaka mmoja. Ikiwezekana wasome pamoja. Tangu mwaka 1997 mpango wa Inside-Out wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, umewakalisha wanafunzi na wafungwa darasa moja, kitabu kimoja, mjadala mmoja. Anayesoma hivyo hujifunza jambo ambalo ziara haiwezi kulifundisha, kwamba aliye upande wa pili wa meza naye ana hoja.

Turudi basi Zanzibar. Chuo chochote, cha Kurani au cha ufundi, hakijulikani kwa kibao cha mlangoni. Hujulikana kwa ratiba na daftari la mahudhurio, na anayefika mara moja kwa mwaka hahesabiwi kuwa mwanafunzi wake, hata angeleta zawadi kiasi gani. Kipimo cha kikundi kinachojitolea gerezani kiwe hicho hicho. Kisiulizwe kilileta nini. Kiulizwe tarehe ijayo ya kesi ya nani inajulikana, na nani amepangwa kwenda.